Turubai Lenye Nyama

Bi Teodora alikuwa akisema, tena kwa sauti ya kufika mpaka jikoni, kwamba kuanzia Mirongo hadi Kisesa hakuna msiba ambao hajaulia. Watu wakimkazia macho anakohoa kidogo, anafunga khanga yake upya, anasema, "Haya, tuseme ile yenye nyama. Ile ya maharage huwa natuma pole kwa mdomo wa jirani."

Lakini msiba huu hakuuchagua. Aliyefariki alikuwa kaka yake wa tumbo moja, Mzee Malimi, ambaye mwanawe Jonathan Machibya alimtoa kijijini akamleta kwake Kisesa, eti aje atunzwe. Kutunzwa kwenyewe Teodora alikuona kwa macho yake: chumba cha nyuma kando ya tangi la maji, dagaa mchana, dagaa jioni, na redio isiyo na betri ya kumliwaza. Mzee alipofumba macho tu, mwanawe akafumbua mkono. Likafungwa turubai kama la mkutano wa kampeni, zikaletwa spika mbili, likachinjwa dume la ng'ombe kutoka zizi la marehemu mwenyewe. Alitafutwa Yunus, Mwislamu wa Mabatini, achinje yeye ili kila mgeni ale bila kuuliza.

"Malimi kaka yangu," Teodora alinong'ona siku ya maziko, akiwa ameinamia kaburi, "ungejua kufa kuna nyama hivi, ungekufa zamani."

Jonathan alikuwa mtu mkubwa. Kwanza kwa tumbo, halafu kwa cheo. Alikuwa mlezi wa wanafunzi katika chuo kimoja kilichoko barabarani, ukitoka Kisesa kwenda mjini. Ndiyo, mlezi, waliompa jina hilo Mungu awasamehe. Mwaka uliopita alifunga bwalo ambalo wanafunzi walikuwa wakila kwa bei ya huruma, akasema hao ni watu wazima, wajipikie. Wiki hiyo hiyo akapiga marufuku kupika vyumbani, akasema moshi unachafua kuta. Bwalo likatundikwa mapazia ya rangi ya dhahabu likawa ukumbi wa harusi, na kila Jumamosi wanafunzi wakawa wanakaa chini ya madirisha wakinusa pilau ya maharusi wasiowajua.

Walipolalamika, Jonathan hakukaa kimya. Hapana, mlezi gani atakaa kimya? Aliita semina. Lilitundikwa bango la "Tokomeza Njaa Vyuoni", wakaja wageni wakavaa fulana zenye maneno hayo hayo, Jonathan akafundisha lishe bora kwa saa nzima. Wageni wakanywa soda na kula sambusa. Wanafunzi wakapewa kila mmoja picha ya sahani, yenye sato, mchicha na kipande cha papai, wakaibandike ukutani.

Sasa bodi ya chuo ilikuwa na mambo mawili ya kuamua: bwalo lifunguliwe au libaki na mapazia yake, na Jonathan apewe umakamu mkuu wa chuo au anyimwe. Ukitazama vizuri lilikuwa jambo moja tu, kwa maana Jonathan alikwishaiambia bodi kwamba chuoni pake hakuna hata mwanafunzi mmoja mwenye njaa. Bwalo likifunguliwa, yeye ni mwongo. Yeye akipanda, bwalo ndiyo basi tena. Na mwenyekiti wa bodi, Mama Safia wa Mirongo, alikuwa ametuma salamu kwamba atakuja mwenyewe Kisesa kutoa pole.

Basi, mara baada ya maziko wakaanza kuja wanachuo.

Kwanza walikuja wachache, kama nzi wa kupeleleza. Mbele yao alikuwa kijana mmoja mrefu aitwaye Ngosha, mwenye shingo ya korongo na sauti ya tarumbeta. Alipofika mlangoni mwa turubai alijitupa chini kwa magoti, akanyoosha mikono juu:

"Mzazi wetu! Nguzo yetu! Umetuacha na nani?"

Akina mama waliokuwa wameshanyamaza, wengine wakiwa katikati ya habari za mkwe wa jirani, ikabidi waanze kulia upya kwa aibu. Haiwezekani mtoto wa watu alie hivyo na wewe ndugu wa damu unachokonoa meno. Kisha Ngosha akajipangusa, akauliza kuni ziko wapi. Walipasua kuni, wakachota maji, wakasugua masufuria. Zilipokuja sahani wakakaa kwenye mabenchi, kimya kabisa, na ugali ukashuka kama mlima unaochimbwa dhahabu. Kesho yake wakaja wengi zaidi. Mtondogoo mabenchi hayakutosha.

Jonathan akasimama nyuma ya wanawake, mikono mgongoni, macho yamemlowa.

"Shangazi, unaona? Watu husema sisi walezi hatupendwi."

"Naona, baba."

"Wameacha vitabu vyao kuja kunifariji."

"Na mchuzi je? Maana naona na wenyewe wanaufariji mpaka sufuria linabaki uchi."

Jonathan hakusikia. Alikuwa akiwapiga picha kwa simu yake.

Teodora alikuwa na jambo moja analoliheshimu kuliko misa, nalo ni ukoko. Ugali ukishapakuliwa, ile ngozi kavu inayobaki imeng'ang'ania sufuria kubwa, pale jikoni ilikuwa haki ya bibi wa ukoo, na bibi wa ukoo alikuwa yeye. Mchana mmoja aliifuata haki yake nyuma ya nyumba akakuta binti mwembamba amechutama, anaubandua ukoko kwa kijiko na kuufunga kwenye kitambaa safi.

"Shikamoo bibi," binti alisema, akashtuka.

"Marahaba. Salamu nimepokea. Sasa niambie ukoko wangu unakwenda wapi."

"Nilidhani unatupwa, bibi."

"Ukoko utupwe? Kwani wewe umezaliwa wapi, Ulaya?"

"Sengerema."

"Basi unajua kabisa kwamba hautupwi. Unaitwa nani?"

"Hellen."

"Haya, Hellen. Marehemu mlikuwa mnamjuaje?"

Binti akatazama ndani ya sufuria kama vile jibu limeandikwa humo. "Alikuwa... alikuwa mtu mpole sana."

"Malimi? Mpole?" Teodora akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, Malimi alikuwa mgomvi hata mbuzi wake walikuwa wakimwona wanavuka njia. Sema kweli, ama sivyo nachukua ukoko wangu."

Hellen akasema kweli. Hakuwa akimjua marehemu, wala Ngosha hakuwa akimjua, wala yeyote kwenye yale mabenchi. Waliona turubai. Ngosha ndiye anayetangulia kupeleleza. Moshi wa jikoni ukiwa mnene, anarudi kuwaita wenzake. Walikwishalia Igoma, wamelia Nyakato, wamelia hata kwa bwana mmoja ambaye hakufa, alikuwa anaoza binti. Wengine chuoni walikuwa hawana tena nguvu ya kutembea mpaka kwenye msiba, na kile kitambaa kilikuwa chakula chao.

"Huwa tunapiga pasi ndefu, bibi."

"Pasi ya nini? Ya mpira?"

"Ya chakula. Unakula leo mchana, halafu unaipiga hiyo pasi mpaka kesho jioni. Katikati ni maji tu."

"Na mlezi wenu anasemaje?"

"Anasema tusisahau matunda."

Teodora alianza kucheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Aliiona mikono ya yule binti. Kijiko kilikuwa kinatetemeka kikigonga sufuria, ti-ti-ti, na mwenyewe hasikii, amezoea. Teodora akaukata ukoko katikati, akampa Hellen kipande kikubwa, kile kidogo akabaki nacho. Hakuwa mtakatifu.

Jioni ile alimwita mwana wa kaka yake pembeni.

"Ng'wana Malimi, tuanue matanga. Watu warudi makwao."

"Bado, shangazi. Mama Safia hajafika."

"Mama Safia atoe pole kwa watu au kwa turubai? Na hao watoto unaosema wanakupenda, wana njaa."

Jonathan akacheka kwa pua, kile kicheko cha mtu mwenye shahada akiongea na mtu wa darasa la saba. "Shangazi, njaa ina vipimo vyake. Mimi nimeisomea. Hawa hawana njaa. Hawa wana hamu."

"Hamu."

"Hamu ya kula. Ni tofauti kabisa."

"Kumbe. Na mimi miaka yote ile ya ukame nilidhani ni njaa, kumbe nilikuwa na hamu."

"Ndiyo hivyo, watu wengi huchanganya," Jonathan alisema kwa upole wa mwalimu. "Wewe waache waje. Mama Safia akiona vijana wote hawa wanalia pamoja nami, ataninyimaje kiti?"

Akapiga simu kijijini, likaletwa dume la pili. Hivyo Malimi, ambaye akiwa hai pale nyumbani hakuchinjiwa hata kifaranga, akiwa chini ya udongo alichinjiwa mara mbili ili mwanawe apande cheo.

Teodora angeweza kwenda kumwambia Mama Safia mambo yote. Lakini bibi kizee wa kwenye mkeka, mbele ya bwana mwenye tai, nani atamsikiliza? Tena kuusema ukweli moja kwa moja hakukuwa kawaida yake. Alipenda ukweli utembee wenyewe kwa miguu yake, yeye akae pembeni atafune kitu.

Mama Safia akaja. Alikuwa mama wa makamo, mnene, ushungi mweusi, maneno machache. Kwao wameuza vitambaa tangu babu, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kama anayepapasa kitenge kujua kama kitachuja. Alitoa rambirambi, akamshika Teodora mkono, akaketi. Ngosha hakungoja aambiwe. "Mzazi wetu! Nguzo yetu! Umetuacha na nani?" Harufu ya nyama ilikuwa inapita chini ya turubai polepole, na vichwa vya wanafunzi vilikuwa vinaifuata kama alizeti na jua.

"Ndio vijana wako hawa?" Mama Safia aliuliza.

"Ndio hao, Mama. Sikuwaita mimi. Ni mapenzi tu."

"Wamekonda."

"Ni majonzi, Mama."

"Majonzi ya siku chache hizi?"

"Walimpenda sana mzee."

"Chuoni wanakula?"

"Mara tatu kwa siku! Mimi mwenyewe huwa nawasihi wapunguze, wasije wakasinzia darasani. Hata hapa hawali, Mama. Wanagusa tu kwa heshima ya marehemu."

Teodora alikuwa kwenye mkeka, hatua chache kutoka hapo, na masikio yake hayakuwa na uzee wowote. Akanyanyuka, magoti yakalia kabla yake, akapiga makofi mawili.

"Wageni wetu, mimi ndiye dada wa marehemu. Nawakumbusha mila. Nyama iliyoko jikoni leo ni ya wakwe wanaotoka Magu, na wakwe hawajafika. Kwa hiyo wengine wote tutapeana maji, na tutaimba. Tutaimba mpaka kesho."

Mila hiyo haikuwepo, na wakwe hawakuwa safarini. Vikongwe wa ukoo walitazamana kwenye mikeka, kisha wote wakatikisa vichwa kwa uzito, kama watu walioipata mila hiyo kwenye maziwa ya mama zao. Jonathan naye, ambaye katika mila zote za kwao alikuwa anaijua ile ya kupokea mahari ya dada zake tu, akatikisa kichwa kuliko wote. Angesema nini? Amekwishasema vijana wake hawali.

Teodora alizunguka na jagi la maji. Alipofika kwa Hellen akainama. "Karibu na geti la chuo chenu limefungwa turubai jipya tangu asubuhi. Waliopita huko wameniambia moshi ni wa kutosha. Kunywa, mwanangu."

Mama Safia alinyanyua viganja, akaomba dua kwa ajili ya mzee. Alikuwa mtu wa dua ndefu. Alipojipangusa uso na kufumbua macho, mabenchi yalikuwa meupe. Amebaki Ngosha peke yake, na hata yeye alikuwa anaondoka kinyumenyume, mkono mmoja kichwani, analia huku anatafuta njia kwa kisigino. "Nguzo yetu..." ilisikika nyuma ya ua, kisha ikasikika kwa mbali, kisha haikusikika.

"Wamekwenda wapi?" Mama Safia aliuliza.

"Wana mtihani," Jonathan alisema.

"Wa nini?"

"Wa takwimu."

"Jioni hii?"

"Chuo chetu hakichezi na muda, Mama."

"Vizuri sana. Ngoja ninywe hii chai, halafu twende wote. Nikirudi mjini napita hapo hapo getini. Nitawasalimia katika mtihani wao."

Jonathan alitafuta sababu ya kukataa, akapata tatu, na kila aliyoijaribu Mama Safia aliinywea chai. Walipotoka kwenda kwenye gari walimkuta Teodora amekwishakaa kiti cha nyuma, kandambili zake mkononi asichafue zulia.

"Shangazi, wewe unakwenda wapi?"

"Kuiona hiyo takwimu. Sijawahi kuiona tangu nizaliwe."

Njiani Jonathan alikaa mbele na dereva, shingo inatoka jasho. Alisema barabara ya chini ni nzuri zaidi. Alisema kwenye mtihani wageni hawaruhusiwi kuongea. Alisema Mama amechoka, angeenda tu nyumbani apumzike. Mama Safia alijibu "Mmh", na Teodora naye akajibu "Mmh", kwa sababu lilikuwa jibu zuri.

Hawakufika getini. Kabla ya geti, upande wa kushoto, kulikuwa na turubai la bluu na moshi mnene uliosimama wima kama mnara, na kwenye spika tarumbeta wanayoijua:

"Mzazi wetu! Nguzo yetu! Umetuacha na nani?"

"Simamisha," Mama Safia alimwambia dereva.

Walikuwepo wote. Waliokuwa Kisesa, na wale waliokosa nguvu ya kufika Kisesa, ambao hapa walikuwa wamekokotwa na wenzao. Hellen alikuwa na sahani ya wali na maharage mapajani, anakula kwa macho yaliyofumbwa. Hakuna aliyegeuka kutazama gari. Hata angeshuka malaika angengoja wamalize.

"Mtihani mgumu," Teodora alisema.

Jonathan alishuka mbio akamfungulia Mama Safia mlango. "Mama, nilisahau kukueleza! Ni huu msiba wangu, umenivuruga kichwa. Mtihani umeahirishwa. Hapa pamefariki mwalimu wetu. Wa siku nyingi. Chuo ndicho kimewatuma vijana waje."

"Mwalimu wa chuo changu amekufa na bodi haikuambiwa?" Mama Safia aliuliza. "Aliitwa nani?"

Jonathan akatazama huku na huku. Hapakuwa na picha ya marehemu. Hapakuwa na msalaba, wala tangazo. Palikuwa na viti vya plastiki vya kukodi, safu kwa safu, na mgongoni mwa kila kiti palikuwa na jina moja limepakwa kwa rangi nyekundu. Uso wake ukafunguka. Akaegemea kiti kilichokuwa karibu, akainamisha kichwa.

"Farouk, Mama. Mwalimu Farouk. Alikuwa mtu wa watu."

Mama mmoja mwenye kitambaa cheusi kichwani, aliyekuwa anapita na beseni la kunawia, akasimama. "Samahani baba, hapa tumefiwa na mama yetu, Dorotea. Alikuwa anauza dagaa sokoni. Hakuwahi kufundisha mtu, labda kufukuza nzi."

Na kutoka nyuma ya safu ya mwisho akainuka mwanamume mfupi mwenye kofia, viti viwili vimepachikana mkononi.

"Farouk ni mimi," alisema. "Mwenye viti. Nani kasema nimekufa?"

Sasa ndipo vijiko viliposimama. Wanafunzi walimtazama mlezi wao, mlezi akakitazama kiti. Teodora alivuta kimojawapo akakalia, akasema, "Pole sana, Mwalimu," na Farouk, asiyejua aseme nini, akajibu, "Nimeshapoa."

Mama Safia hakucheka. Alikuwa amekwenda kusimama mbele ya Hellen, akamshika mkono chini ya kiganja kama anayepima uzito wa kitambaa. Alipogeuka sauti yake ilikuwa ya chini.

"Bwana Machibya, nipe funguo za bwalo."

"Ziko nyumbani, Mama," Jonathan alisema haraka. "Kisesa. Nimeziacha kabatini." Na kwa hofu akatia mkono mfukoni azishike zisilie.

Zikalia.